Madigadi ya Kushoto

Kariobangi, Nairobi
9 Machi 1986

Mjomba mpendwa Patrobas,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na binti yako Nakhumicha na wote walio bomani. Kama goti bado linakusumbua, nimempa Mumina, yule mama anayekuja kuuza nguo soko la Malava, dawa ya kuchua akuletee. Sisi huku ni wazima. Asenath anakusalimu kama mke wa mpwa anavyopaswa, na anasema siku utakapopanda basi kuja kwetu firigisi ya kuku, ile ya heshima ya mwenye nyumba, ni yako, mimi nitakula shingo. Watoto wanakua mpaka suruali zinawakimbia.

Habari kubwa ni ya kazi. Unakumbuka ulivyonicheka Krismasi nilipokuambia nataka kutengeneza makochi yanayofanana na magari? Cheka tena, lakini keti kwanza. Mikono ya kochi nimeiviringa kama madigadi, yale mabawa ya bati yanayofunika gurudumu. Mgongo umelala nyuma kama kiti cha tajiri, na pembeni nimetia taa nyekundu, taa za kweli kutoka kwa wauza vipuri. Vijana wa hapa kituoni, pale matatu zinaposimama, hawaniachi nipumue. "Fundi, hii dinga inakunywa petroli ama maji ya omo?" Wacha waseme. Wateja wanatoka mpaka Donholm. Mtu wa huku Eastlands akikosa gari la kuendesha, anataka angalau alikalie nyumbani kwake akinywa chai.

Siku hizi natembea nikiangalia magari kama wewe ulivyokuwa ukiangalia miti. Asenath anasema nitagongwa na lile ninalolipenda.

Jambo moja si zuri. Jirani yangu wa kazi ni mama mmoja Mkamba, Nthoki. Anatwanga muthokoi kando ya kibanda changu, mahindi ya kutolewa maganda kwa kinu na mchi, na kuuza. Ana mtoto mmoja tu, Maingi, kijana mpole anayepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Juzi mchana kweupe alichukuliwa mbele ya mama yake na watu waliokuja na gari. Ni watu gani, sisemi. Tuyaache hayo.

Mpwa wako,
Andati


Malava
30 Machi 1986

Mpwa wangu Andati, mwana wa dada yangu,

Salamu zako zimefika pamoja na dawa, ambayo inanuka kama mbuzi dume lakini inafanya kazi. Nakhumicha ni mzima, ng'ombe wake amezaa ndama jike. Paa la kanisa linavuja juu ya wazee, na vijana wanasema ni Mungu anachagua.

Sasa mambo yako. Kiti chenye taa kinakwenda wapi? Mimi nimetengeneza mabenchi ya kanisa tangu mama yako akiwa msichana, na sijaona benchi hata moja lililotaka kuondoka. Lakini mkono wako ni mzuri, huo sikunyimi. Kwa kuwa umeshaamua kuwa fundi wa magari yasiyokwenda, shika lile nililokufundisha: usichonge unachokikumbuka, chonga unachokiona. Ng'ombe mwenye pembe iliyopinda mchonge na pembe yake iliyopinda. Fundi anayerekebisha alichokiona ni mwongo, na mbao zinamjua.

Huyo kijana wa jirani, amechukuliwa na nani? Mtu hachukuliwi kama mkungu wa ndizi. Kama ni polisi, yuko kituo kipi? Niandikie vizuri.

Mjomba wako,
Patrobas


Kariobangi
27 Aprili 1986

Mjomba mpendwa,

Nimefurahi kusikia goti limetulia na ndama amekuja. Huku mvua imegeuza barabara kuwa uji. Mtoto wetu mkubwa alikuwa na surua, sasa amepona na amerudi kusumbua shule.

Nimepata kazi ambayo sitaipata tena maishani. Mama mmoja wa Donholm, jina lake Warigia, mtu mcheshi, alikuja akaniuliza kama naweza kumtengenezea mume wake kitanda chenye sura ya gari lake. Zawadi, mume asijue. Mume ana ofisi kubwa mjini, ofisi gani sijui na sikuuliza. Mzee alipopanda ndege kwenda Mombasa, mama alinipeleka mpaka nyumbani kwao nikaliona gari lenyewe: Pijo nyeusi, inang'aa mpaka unaona meno yako. Nikalifunika kwa karatasi za kaki, nikasugua makaa juu yake kila mahali, mpaka karatasi zikashika kila mkunjo wa bati. Ulinifundisha hivyo kwenye ile milango ya kanisa.

Madigadi ya kushoto, mbele, ina mbonyeo. Nimekuchorea nyuma ya ukurasa huu. Mama Warigia alisema mume wake aligonga punda barabara ya Thika na hajapata nafasi ya kulipeleka kwa fundi wa bati. Nikamuuliza, "Mama, niuache huu?" Akacheka, akasema, "Uchonge hapo hapo. Akiuona tu, atajua ni gari lake."

Basi nimeuchonga, mjomba. Kwa mvule, ule uliotoka huko kwetu. Nikaupaka rangi nyeusi na vanishi, na ukifumba macho ukaugusa utasema ni bati. Upande wa miguu ndio boneti na taa, upande wa kichwa ni kioo cha mbele, na katikati ndipo mtu analala. Kitanda kiko nje ya kibanda kikikauka, na watu wanasimama kukitazama kama harusi.

Umeniuliza juu ya yule kijana. Hajarudi.

Andati


Malava
11 Mei 1986

Andati,

Salamu za hapa ni zilezile, ila kuku wa Nakhumicha wameshikwa na mdondo na nyumba inanukia supu ya haraka haraka.

Nimeangalia mchoro wako mpaka miwani ikachoka. Nakusifu, ingawa ninakusifu kwa nusu ya mdomo tu. Mtu aliyechonga hata jeraha la gari ni fundi. Lakini niambie, punda gani huyo? Punda akigongwa huvunja taa na kupinda bampa. Wewe umenichorea kitu cha duara, kina chake kama bakuli ya uji ya mtoto, na pigo lake limetoka juu kwenda chini. Hiyo si kazi ya punda. Mtu ameinua kitu akakishusha kwa nguvu zake zote. Mimi ni mtu wa mbao, bati silijui, lakini pigo nalijua.

Usiniambie ni mambo ya wateja. Niambie tu kama kitanda kimekwisha kwenda.

Patrobas


Kariobangi
8 Juni 1986

Mjomba,

Sisi ni wazima, tunaomba na ninyi muwe hivyo.

Kitanda bado kipo. Vanishi inachelewa kukauka na baridi hii.

Nauliza, ile nyumba ya marehemu mama, paa lake bado linazuia mvua? Na shule ya hapo inapokea watoto katikati ya mwaka? Asenath amechoka na moshi wa huku. Nafikiri akae kwenu kidogo.

Hakuna jambo lolote.

Mpwa wako,
Andati


Malava, kwa mkono wa Mumina
19 Juni 1986

Andati mwanangu,

Hii sikuitia posta. Nimempa Mumina aiweke ndani ya furushi la nguo, na akupe mkononi, si mkononi mwa mtu mwingine hata akijiita ndugu yako.

Bahasha yako ilinifikia imebandikwa mara mbili. Chini kuna gundi yake yenyewe, ya kulambwa. Juu yake kuna gundi nyingine, ya kupakwa kwa brashi, na brashi yenyewe iliacha unywele mmoja. Nimeshika gundi maisha yangu yote. Aliyeifungua alikuwa na haraka, au hakujali kama nitajua, na hili la pili ndilo linalonitisha.

Nani anasoma barua za fundi wa makochi na mzee wa kanisa?

Nyumba ya mama yako haivuji. Mlete Asenath na watoto hata kesho. Shule itawapokea, mwalimu mkuu nilimchongea mlango. Lakini mtu anayeandika "hakuna jambo lolote" bila kuulizwa ana jambo. Tangu ukiwa mtoto ukivunja kitu ulikuwa unakuja kuniambia kwamba hakuna kilichovunjika. Sema.

Mjomba wako


Kariobangi, kwa mkono wa Asenath
6 Julai 1986

Mjomba wangu mpendwa,

Ukiipata hii, Asenath na watoto wamesimama mbele yako, na hapo moyo wangu umetua nusu. Wape maziwa ya yule ng'ombe. Mdogo anaogopa bata, msimcheke. Asenath hajui yote, nimemwambia ni moshi, lakini wanawake hawadanganywi kwa moshi.

Sasa nasema.

Siku ile Maingi alipochukuliwa nilikuwa kibandani nikipiga randa. Nilisikia gari likifunga breki, nikasikia mama Nthoki anapiga yowe, kisha mshindo mmoja mzito. Mimi, mjomba, ninayeangalia kila gari linalopita Kariobangi, hilo sikuliangalia. Niliendelea kupiga randa. Sote tuliendelea na kazi zetu. Walipokuja watu kuuliza, kila mmoja alisema hakuona. Mama Nthoki amezunguka vituo vyote vya polisi, na kila dirisha linamwambia neno moja: "Mama, hakuna gari lililokuja. Hatuna kijana wa jina hilo." Mwishoni hata majirani wakaanza kusema labda kijana alichapa karatasi za siasa akakimbilia Uganda, na mama ameota.

Tangu siku hiyo hakutwanga tena, akawa anashinda njiani. Ndiyo maana hakukiona kitanda kikichongwa. Mwezi wa tano alirudi siku moja kuchukua kinu chake. Akapita mbele ya kitanda. Akasimama. Nilidhani anashangaa kama wengine, nikaanza kujigamba, "Mama, unaonaje Pijo yangu?" Akainama kwenye madigadi ya kushoto, akaweka kiganja ndani ya mbonyeo na kukizungusha polepole, kama mtu anayeosha bakuli. Akaenda kwenye kinu chake, akaleta ule mchi. Akauweka kichwa chini ndani ya mbonyeo.

Uliingia sawasawa, mjomba. Nimefanya maungio mengi, na sijawahi kufanya ungio lililokaa vile.

Akasema, "Hapa ndio niligonga. Na huu mchi. Walikuwa wanafunga mlango, Maingi miguu yake iko nje bado, mimi nikagonga." Kisha akaniangalia, hata hakukasirika. "Fundi, kumbe wewe uliliona hilo gari."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Tangu hapo anakuja kila asubuhi na kigoda chake, anakaa kando ya kitanda, mkono ndani ya mbonyeo. Hapigi kelele. Watu wanapita mbali. Wale vijana wa kituoni hawatanii tena. Mmoja aliniambia pembeni, "Fundi, toa hiyo kitu hapa. Karao wamevaa kiraia, wanapita na kurudi." Mimi pia nimewaona hao polisi wasio na sare, wanajifanya wanachagua makochi.

Na mama Warigia alikuja kukiona kitanda. Alikuta mama Nthoki amekaa. Akamsalimu vizuri, akamuuliza kwa nini ameweka mkono hapo, na mama akamweleza, kwa upole kabisa, kama anavyoeleza bei ya muthokoi. Mama Warigia alisema, "Lakini ni punda." Akasema tena, "Aliniambia ni punda." Aliondoka bila kuaga, akasahau mkoba, nikamkimbilia nao, naye hakuweza kuniangalia usoni.

Hajarudi. Sijui amemwambia mume wake au hajamwambia. Kila gari jeusi likipunguza mwendo nashika randa hata kama sina ubao mbele yangu. Nikikimbia kabla kitanda hakijachukuliwa, watajua ninajua. Nikibaki, wataniuliza nilijuaje. Niambie nifanye nini.

Andati


Malava, kwa mkono wa Mumina
10 Julai 1986

Andati,

Wamefika salama. Mdogo tayari anawakimbiza bata. Asenath amesoma uso wangu nilipokuwa nikisoma barua, na sasa naye anajua.

Nisikilize kama ulivyonisikiliza ulipokuwa huwezi kushika patasi. Jaza ule mbonyeo. Chukua vumbi la mbao na gundi, jaza, piga msasa, paka rangi, uwe laini kama yai. Mpelekee mwenyewe kitanda chake na tabasamu juu. Akikuuliza, wewe ni fundi, hujui kitu. Kisha funga kibanda useme mjomba wako anakufa, uje. Nikufie siku nzima kama inafaa.

Najua nilichokufundisha. Nilisema chonga unachokiona. Nilikuwa nazungumza juu ya ng'ombe, Andati! Sikuwa nazungumza juu ya watu hawa. Najilaumu mpaka chakula kinanishinda.

Namhurumia huyo mama. Usiku na mchana namwombea. Lakini mtoto wake ameshachukuliwa, na wa dada yangu bado yupo. Dada yangu alikuacha mikononi mwangu, si mikononi mwa Nthoki. Naogopa. Na sioni aibu kusema hivyo. Jaza mbonyeo.

Patrobas


Kariobangi, kwa mkono wa Mumina
29 Julai 1986

Mjomba mpendwa,

Nawasalimu nyote. Mwambie mkubwa nimepata lile buti lake moja lililopotea, lilikuwa chini ya kabati.

Nilipopata barua yako nilichanganya vumbi na gundi asubuhi ileile. Nilikuwa nimeshika kibao cha kujazia. Mama Nthoki alikuwa amekaa pale. Hakuniomba nisijaze. Aliondoa tu mkono wake, akaupangusa kwa leso, akasogea pembeni ili anipishe. Mjomba, sikuweza. Gundi iliniganda mkononi.

Siku iliyofuata mwenyewe, mume wa mama Warigia, akaja. Si na dereva, peke yake, na Pijo ileile. Madigadi yake sasa imenyooshwa, imepakwa rangi, huwezi kujua. Namshukuru Mungu mama Nthoki alikuwa ameenda kliniki. Ni mtu wa kawaida, mjomba. Ana kitambi kidogo, ana sauti ya taratibu, alinisalimu kwa mkono na kuniuliza natoka wapi. Nilisema Kakamega. Akasema, "Kakamega ni kubwa." Nikaokota msasa. Akasema, "Malava, sivyo?"

Alizunguka kitanda mara moja. Alipofika madigadi ya kushoto alipitisha kidole ndani ya mbonyeo, ukingo mzima. Kisha akasema, "Fundi, wewe una macho."

Nikasema, "Asante, mzee."

Akasema, "Si kila mtu ana macho kama hayo. Jumamosi nitatuma gari." Akaondoka. Hakusema gari lije kuchukua nini.

Basi nimefanya hivi. Nimeikata madigadi yote ya kushoto kwa msumeno mwembamba, nikachonga nyingine badala yake, laini kama yai ulivyotaka. Kitanda chake kitakuwa sawasawa na gari lake lilivyo leo. Chonga unachokiona, sivyo? Ile ya zamani, yenye mbonyeo, nimeitia ndani ya gunia la nguo la Mumina. Anajua ni mbao tu. Iweke mahali pakavu. Nilitaka kumpa mama Nthoki, lakini chumba chake wamekipekua mara mbili.

Ni kitu pekee duniani kinachosema hakuota.

Nitakuja baada ya Jumamosi. Naogopa, mjomba, naogopa mpaka nasahau majina ya vifaa vyangu. Nikikaa kimya usifikiri nimekusahau. Mbusu mdogo.

Mpwa wako daima,
Andati


Malava
17 Agosti 1986

Kwa mpwa wangu Andati,

Salamu. Hii naitia posta, na anayependa kuisoma aisome, hakuna siri. Mimi naumwa sana. Daktari anasema nisikae bila kumuona mtoto wa dada yangu. Funga kazi uje. Mahindi yamekomaa, Asenath anakuchomea kila jioni na tunaishia kuyala sisi.

Nimelipata gunia. Nguo zilikuwa nzuri.

Jibu hata kwa mstari mmoja. Hata ukiandika kwamba hakuna jambo lolote, nitafurahi.

Mjomba wako,
Patrobas


Malava
14 Septemba 1986

Andati mwana wa dada yangu,

Nakusalimu, ingawa sijui barua hii niipeleke wapi. Nitaitia mfukoni nije nayo.

Asenath ni mzima kwa mwili. Watoto wamezoea shule. Mdogo akisikia basi barabarani anakimbia mpaka langoni, kisha anarudi kwa bata. Nakhumicha amemwita yule ndama Pijo ili watoto wacheke. Walicheka siku ya kwanza.

Mumina amerudi jana. Alikwenda kibandani kwako akakuta kufuli mlangoni ambalo si lako. Kitanda hakipo. Aliuliza kwa muuza mkaa, kwa fundi viatu, kwa wale vijana wa kituoni. Wote walimwambia, "Hatukuona. Hakuna gari lililokuja." Ni mama Nthoki peke yake aliyemfuata mpaka kwenye basi na kumshika mkono. Alisema Jumamosi ile lori lilikuja likabeba kitanda, na nyuma ya lori kulikuwa na gari jeusi, na wewe uliingizwa humo ukiwa bado na penseli sikioni. Akasema, "Mwambie mzee wake anisamehe. Safari hii sikuwa na mchi mkononi."

Sasa kuna jambo ambalo sikukuandikia, kwa sababu sikulisema hata kwa Nakhumicha. Mapema mwezi wa nane walikuja watu wawili hapa. Viatu vyao vilikuwa safi, na mvua ilikuwa imenyesha, kumaanisha gari lao lilikuwa karibu. Walitaka kununua kiti. Wakakaa, wakanywa chai yangu. Mmoja akauliza, "Mzee, wewe ndiwe mjomba wa Andati, yule fundi wa Nairobi? Alikutumia chochote?" Watoto wako walikuwa nyuma ya nyumba, nilikuwa nawasikia wakicheza. Nikasema, "Sina mpwa Nairobi." Wakauliza tena, nikasema dada yangu alikufa bila mtoto. Petro alipomkana Bwana alikuwa na jogoo wa kumzindua. Mimi sikusikia jogoo, nilisikia gari lao likiondoka tu, na nilifurahi. Hilo ndilo siwezi kulimeza, kwamba nilifurahi.

Nikafikiri nimekuokoa. Sasa nimehesabu tarehe vizuri. Walipokuja kwangu, wewe ulikuwa umeshachukuliwa. Sikumwokoa mtu. Nilikuwa mmoja wa wale wanaoendelea kupiga randa.

Ile madigadi niliifukia chini ya maharagwe ghalani. Leo asubuhi baada ya kanisa nimeitoa nikaifuta vumbi. Nimeiangalia kwa mara ya kwanza kama fundi, maana siku ile gunia lilipofika niliogopa hata kuitazama. Nimetia kiganja ndani. Andati, ni kazi bora kuliko kitu chochote nilichowahi kuchonga, na mimi ndiye niliyekuambia uijaze kwa vumbi.

Siifichi tena. Ni ya mama huyo, si ya maharagwe yangu. Kesho napanda basi la asubuhi, nimeifunga ndani ya blanketi, na Asenath amenipikia kuku wa njiani. Firigisi ameiweka pembeni, hakunipa. Amesema ni yako.

Naogopa. Goti linauma. Lakini nitashuka Nairobi niulize njia ya Kariobangi, nimtafute Nthoki, nimkabidhi mkono kwa mkono kilicho chake. Kisha nitamwomba anionyeshe dirisha ambalo mtu huanzia. Yeye anayajua yote. Tutasimama kwenye mstari pamoja, yeye atamuuliza Maingi na mimi nitakuuliza wewe, kwa jina lako na jina la mama yako. Wakisema hakuna gari lililokuja, tutakwenda dirisha la pili.

Na yeyote atakayeniuliza, "Mzee, wewe ni nani kwake?" nitamwambia. Mimi ni mjomba wake.

Patrobas